Abraham Lincoln, Mtu Aliyeishi na Habari Mbaya

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, nami nimemchagua Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani. Wanafunzi wengi wanamjua kwa mambo mawili: kwamba alizaliwa katika kibanda cha magogo, na kwamba aliwaweka huru watumwa. Mambo hayo ni kweli, ingawa la pili lina maelezo yake, kama tutakavyoona. Lakini mimi nimemchagua kwa sababu nyingine.

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila muhula unapoanza naona vijana wetu wakirudi kutoka likizo wamejaa habari za kutisha walizozisikia redioni au kuzisoma katika simu za wazazi wao. Wengine hugawanyika bwaloni kwa ajili ya vyama vya siasa, hata wakaacha kusemezana. Wazazi nao wakija kutazama maendeleo ya watoto wao huniuliza dunia hii inakwenda wapi. Nikaona inafaa tumtazame mtu ambaye nchi yake ilipasuka vipande viwili mbele ya macho yake, na kwa miaka minne habari mbaya zikamjia usiku na mchana, naye hakupoteza akili wala tumaini. Je, alifanyaje?

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika jimbo la Kentucky. Baba yake, Thomas, alikuwa mkulima na seremala. Mwaka 1816 jamaa hiyo ilihamia Indiana, nchi iliyokuwa msitu mtupu, na huko mwaka 1818 mama yake, Nancy, akafa. Abraham alikuwa na miaka 9. Mwaka uliofuata baba akaoa mke mwingine, Sarah, naye alimpenda mtoto yule kama aliyemzaa mwenyewe, akamwacha asome vitabu badala ya kumkaripia. Kwa jumla Lincoln hakukaa shuleni hata mwaka mmoja kamili. Elimu yake nyingine yote aliipata kwa kuazima vitabu.

Alipokuwa kijana alikwenda kukaa New Salem, kijiji kidogo katika jimbo la Illinois. Alifungua duka pamoja na mwenzake, duka likafilisika, mwenzake akafa, na deni lote likabaki juu yake. Alilipa deni hilo kwa miaka mingi mpaka likaisha. Mwaka 1832 aligombea ubunge wa jimbo akashindwa. Mwaka 1834 aligombea tena akashinda. Katikati ya hayo alipewa kazi ya kutunza posta ya kijiji, nayo ilimfaa sana, kwa kuwa magazeti yote yalipitia mikononi mwake, naye aliyasoma kabla wenyewe hawajaja kuyachukua. Basi asidhani mtu yeyote kwamba Lincoln alikuwa mtulivu kwa sababu hakuzijua habari za dunia. Alizijua mapema kuliko jirani zake.

Wala asidhani mtu kwamba alizaliwa na moyo mwepesi. Rafiki zake wote walijua kwamba alikuwa mtu wa huzuni. Mwanzo wa mwaka 1841, alipokuwa mwanasheria mjini Springfield, alishikwa na majonzi makubwa hata rafiki zake wakaogopa kwamba angejidhuru. Majonzi ya namna hiyo yalimrudia mara kwa mara maisha yake yote. Jambo hili nalisisitiza kwa vijana wetu, maana wengi hudhani kwamba utulivu ni kipawa: huyu kapewa, yule kanyimwa. Utulivu wa Lincoln ulikuwa kazi, kama kulima. Kila asubuhi ilimbidi achukue jembe upya.

Mwaka 1842 alimwoa Mary Todd, binti wa watu wenye mali kutoka Kentucky, wakapata watoto wanne, wote wanaume. Wa pili, Edward, alifariki mwaka 1850 akiwa hajatimiza miaka 4. Lincoln alikwisha kuwa mbunge mjini Washington kwa miaka miwili, 1847 hadi 1849, akarudi Springfield kufanya kazi ya sheria. Watu walidhani siasa zake zimekwisha.

Ndipo lilipokuja jambo la utumwa. Wakati ule majimbo ya Kusini yalitegemea kazi ya watumwa katika mashamba ya pamba, na kwa hesabu ya watu ya mwaka 1860 nchi ile ilikuwa na watu milioni 31, na kati yao karibu milioni 4 walikuwa watumwa, watu weusi wenye asili ya bara letu. Mwaka 1854 Bunge lilipitisha sheria iliyofungua mlango wa utumwa kuingia katika nchi mpya za magharibi. Lincoln alikasirika, akarudi katika siasa. Aliona utumwa ni dhuluma, akataka usienee zaidi ya pale ulipokuwa. Aligombea useneta mwaka 1855 akashindwa. Mwaka 1858 akashindana na Stephen Douglas, wakafanya mijadala 7 mbele ya umati wa watu katika miji ya Illinois, akashindwa tena. Hata hivyo mijadala ile ilichapwa katika magazeti, na jina lake likajulikana nchi nzima.

Hapa yanipasa kusema ukweli wote, maana historia si kumpaka mtu rangi nyeupe. Lincoln wa siku hizo hakuamini kwamba mweusi na mweupe wangekaa pamoja kwa haki sawa. Hata alipokuwa Rais, katika Agosti 1862, aliwaita viongozi wa watu weusi akawashauri watu wao wahamie nchi nyingine, na wengi walichukizwa sana, nao walikuwa na haki ya kuchukizwa. Mawazo yake yalibadilika baadaye, kidogo kidogo, na sababu moja ya kubadilika ni kwamba alikubali kuwasikiliza waliomlaumu. Tutalifikia jambo hilo.

Tarehe 6 Novemba 1860 alichaguliwa kuwa Rais. Alipata kura zipatazo 40 tu katika kila 100, kwa kuwa wagombea walikuwa wanne, na katika majimbo mengi ya Kusini jina lake halikuwamo kabisa katika karatasi za kura. Kabla hajaapishwa, majimbo 7 yalitangaza kujitoa katika Muungano. Alisafiri kwenda Washington, na kwa kuwa palisikika habari za njama ya kumwua, ilibidi apite mji wa Baltimore usiku kwa siri. Magazeti yalimcheka kwa kitendo hicho, yakachora picha za kumdhihaki. Mengine yalimwita nyani kwa sababu ya urefu wa mikono yake na sura yake. Aliapishwa tarehe 4 Machi 1861. Tarehe 12 Aprili mizinga ya Kusini ikaipiga ngome ya Sumter, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Majimbo mengine 4 yakajiunga na wale 7, yakawa 11.

Vita vile viliua watu zaidi ya 600,000. Kishindo chake kilifika hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wazee wetu walikuwa wakinunua kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja na merikebu za Marekani, na kwa sababu hiyo mpaka leo twakiita merikani. Vita vilipoanza pamba ikakatika, shehena zikapungua, na wafanya biashara wakageukia vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi nyingine ziko mbali kuliko tembo wanavyodhani.

Sasa tumtazame Lincoln katika kazi yake. Ikulu ya Washington wakati huo haikuwa na simu ya waya. Simu zilifika katika jengo la Wizara ya Vita, hatua chache kutoka Ikulu, nazo ziliandikwa katika karatasi. Kila siku, na mara nyingi usiku, Lincoln alivaa kofia yake ndefu akaenda huko kwa miguu. Makarani walikuwa wakiweka nakala za simu katika droo moja, iliyo mpya juu, ya zamani chini. Yeye alianza juu, akasoma moja moja, mpaka alipofikia ile aliyokwisha kuisoma siku iliyotangulia. Hapo aliacha, akairudisha droo mahali pake. Kama vita vilikuwa vinaendelea aliketi na makarani akingoja mpaka alfajiri.

Mimi naipenda sana habari ya droo ile. Mjini mlikuwa na uvumi wa kila namna: leo adui kavuka mto, kesho jeshi zima limetekwa. Lincoln alikwenda kwenye chanzo chenyewe, akasoma kilichoandikwa na watu waliokuwapo, na alipofika mwisho wa habari mpya, aliinuka akaenda kufanya kazi. Hakusoma habari moja mara kumi ili aogope mara kumi.

Magazeti yaliyomtukana hakuyajibu ila mara chache. Alipoona kuna neno ambalo watu walistahili kufafanuliwa, aliandika waraka mmoja uliopimwa vizuri, ukatangazwa wazi, akanyamaza. Lakini watu wenyewe hakuwafungia mlango. Siku kadhaa za wiki wananchi walipanga foleni Ikulu: wajane, mama wa askari, watafuta kazi, wenye malalamiko na wenye maneno ya kipuuzi. Makatibu wake waliona anapoteza wakati, naye akaendelea kuwapokea, kwa kuwa aliona ndiyo njia ya kujua watu wanafikiri nini bila kupitia kinywa cha mwingine.

Jambo la pili ni namna alivyokaa na wapinzani. Alipounda baraza lake la mawaziri aliwachukua Seward, Chase na Bates, watu walioshindana naye katika chama chake kuutafuta urais, na kila mmoja wao alijiona anafaa kuliko yeye. Zaidi ya hao alimchukua Edwin Stanton. Mwaka 1855 Stanton na Lincoln waliwekwa pamoja katika kesi moja mjini Cincinnati, na Stanton, mwanasheria mwenye sifa, alimdharau yule mtu wa shamba, hakumruhusu aseme neno wala hakutaka hata kula naye meza moja. Katika Januari 1862 Lincoln alihitaji Waziri wa Vita mwenye bidii na asiyekula rushwa. Aliwatazama watu waliopo, akamteua Stanton. Watu wawili hawa wakafanya kazi pamoja mpaka mwisho, na Stanton akawa mmoja wa waliomlilia zaidi alipokufa.

Hasira alikuwa nayo, tena kali. Tarehe 1 hadi 3 Julai 1863 majeshi ya Muungano yalishinda vita vikubwa vya Gettysburg, lakini jemadari wao, Meade, hakumfuata adui kwa haraka, na jeshi la Kusini likavuka mto likaenda zake. Lincoln aliona kwamba vita vingeweza kwisha wiki ile. Tarehe 14 Julai aliketi akamwandikia Meade waraka wenye uchungu, akimweleza jinsi nafasi ile ilivyopotea. Kisha akautia katika bahasha, akaandika juu yake kwamba haukupelekwa wala kutiwa sahihi, akauweka. Meade hakuupata. Ulionekana katika karatasi za Lincoln baada ya kufa kwake, na haukuwa wa pekee. Ilikuwa desturi yake kuandika hasira kwenye karatasi, kisha kuiacha karatasi ilale. Wazee wetu walisema hasira hasara. Lincoln alijua pia kwamba hasira ikizuiwa kabisa humla mtu ndani. Kwa hiyo aliipa mahali pa kutokea pasipomwumiza mtu.

Tena alikuwa mcheshi. Tarehe 22 Septemba 1862 aliwaita mawaziri wake kwa jambo kubwa kuliko yote ya utawala wake. Siku tano kabla ya hapo palikuwa na vita vya Antietam, ambapo watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku moja. Mawaziri walipoketi, Lincoln alifungua kitabu cha vichekesho akawasomea sura moja, akacheka. Baadhi yao walichukizwa. Kisha akakifunga, akatoa karatasi, akawasomea tangazo la kuwapa uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Alikuwa amelitunga tangu Julai, lakini Seward alimshauri angoje mpaka wapate ushindi, lisije likaonekana kama kilio cha mtu anayezama. Alingoja miezi miwili huku magazeti ya upande mmoja yakimwita mwoga na ya upande wa pili yakimwita mharibifu. Tangazo lilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1863. Halikuwahusu watumwa wa majimbo ya mpakani yaliyobaki katika Muungano, ila lilifungua njia kwa watu weusi kuingia jeshini, nao waliingia wapatao 180,000.

Mmoja wa waliomlaumu Lincoln kwa ukali ni Frederick Douglass, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani akatoroka, akawa msemaji na mwandishi mkubwa. Katika Agosti 1863 Douglass alikwenda Ikulu kulalamika kwamba askari weusi hulipwa mshahara mdogo kuliko weupe. Lincoln alimsikiliza, akamjibu, wala hawakukubaliana katika yote. Mwaka uliofuata Lincoln mwenyewe akatuma mtu amwite. Hivyo ndivyo alivyojifunza kwa watu ambao zamani alitaka wahame nchi.

Msiba nao haukumwacha. Tarehe 20 Februari 1862 mtoto wake William, mwenye miaka 11, alifariki kwa homa ndani ya Ikulu. Bi. Mary alivunjika moyo asiweze kutoka chumbani. Vita vyenyewe viliikata jamaa yao katikati, kwa kuwa ndugu kadhaa wa Bi. Mary kwa baba mmoja walipigana upande wa Kusini. Shemeji yao, Jemadari Helm wa Kusini, aliuawa Septemba 1863, na mwezi Desemba mjane wake, Emilie, alifika Ikulu. Lincoln na mkewe walimpokea, wakalia naye. Watu walinung'unika kwamba Rais anamweka mke wa mwasi nyumbani mwake. Lincoln aliwajulisha kwamba yeye na mkewe huchagua wenyewe wageni wao. Siasa zilikuwa zimeugawa Muungano, naye hakukubali zimpangie undugu.

Sasa tufike kwenye majira magumu kuliko yote, yaani kiangazi cha mwaka 1864. Jemadari Grant alikuwa amepoteza maelfu kwa maelfu ya askari na mji wa Richmond, makao makuu ya Kusini, haujatwaliwa. Katika Julai jeshi la Kusini lilifika kwenye mipaka ya Washington yenyewe. Lincoln alikwenda kutazama katika ngome ya Stevens, risasi zikapita karibu naye. Uchaguzi ulikuwa Novemba. Viongozi wa chama chake walimwambia waziwazi kwamba atashindwa, na baadhi yao walitaka aachiwe mtu mwingine nafasi yake. Ikumbukwe kwamba hakuna Rais aliyechaguliwa mara ya pili tangu mwaka 1832. Walikuwako walioona kwamba katika vita vikubwa namna ile uchaguzi ungeahirishwa. Lincoln hakuahirisha. Aliona kwamba kama uasi ungewalazimisha kuacha kupiga kura, basi uasi umekwisha kushinda.

Tarehe 23 Agosti 1864 aliandika karatasi fupi. Ndani yake alisema kwamba yaelekea hatachaguliwa tena, na kwamba akishindwa itakuwa wajibu wake kushirikiana na atakayemshinda, ili kuuokoa Muungano katika miezi itakayobaki kabla ya kukabidhi madaraka. Aliikunja, akaifunga, akawataka mawaziri wote watie sahihi zao kwa nje bila kujua kilichomo. Wakatia.

Nimefikiri sana juu ya karatasi ile. Mtu mwingine angejidanganya kwamba mambo ni mazuri. Mwingine angekata tamaa akaacha kazi. Lincoln alilitazama jambo baya usoni, akaliandika kwa mkono wake, kisha akajiuliza: ikiwa litatokea, kazi yangu siku ya pili yake ni ipi? Kwangu mimi hilo ndilo tumaini, na linatofautiana na kutabiri mema. Siku ile Lincoln alitabiri mabaya, ila alikuwa na kazi tayari kwa kila upande ambao mambo yangegeukia.

Basi mambo yakageuka. Tarehe 2 Septemba mji wa Atlanta ulitwaliwa na Jemadari Sherman, na moyo wa watu ukabadilika. Tarehe 8 Novemba Lincoln alipata kura 55 katika kila 100, na askari wengi walimpigia kura yeye, badala ya McClellan, jemadari wao wa zamani aliyeshindana naye. Siku chache baadaye aliifungua ile karatasi mbele ya mawaziri akawasomea, wakajua walichokuwa wametia sahihi.

Yaliyobaki ni mafupi. Tarehe 31 Januari 1865 Bunge lilipitisha badiliko la Katiba la kufuta utumwa katika nchi yote, nalo likathibitishwa na majimbo Desemba mwaka ule. Tarehe 4 Machi aliapishwa mara ya pili, akatoa hotuba fupi isiyowatukana watu wa Kusini wala kujigamba. Alisema kosa la utumwa lilikuwa la taifa zima, akawataka watu watibu majeraha ya nchi bila kinyongo. Jioni yake Frederick Douglass alikwenda Ikulu, askari wakataka kumzuia mlangoni. Lincoln aliposikia aliamuru apitishwe, akamwuliza mbele ya wageni aliionaje hotuba. Tarehe 4 Aprili alitembea kwa miguu katika mji wa Richmond uliokuwa umeanguka, akiwa na mwanawe mdogo, Thomas, na watu waliokuwa watumwa wakamzunguka kwa shangwe. Tarehe 9 Aprili Jemadari Lee wa Kusini alisalimu amri. Askari wake waliruhusiwa kurudi makwao kulima, na wenye farasi waliondoka nao.

Siku tano baadaye, usiku wa tarehe 14 Aprili, Lincoln alikuwa katika jumba la michezo pamoja na mkewe. Mwigizaji mmoja, John Wilkes Booth, aliyeshikilia upande wa Kusini, aliingia kwa nyuma akampiga risasi ya kichwa. Lincoln alifariki asubuhi ya tarehe 15 Aprili 1865, akiwa na umri wa miaka 56. Alizikwa Springfield.

Wanafunzi wangu wengine huniuliza: utulivu wake ulimfaa nini, ikiwa mwisho wake aliuawa na mtu mwenye chuki? Ni swali la haki. Nami hujibu kwamba utulivu hauwi kinga ya risasi. Lincoln hakuwa mtulivu ili asalie. Alikuwa mtulivu ili aweze kufikiri, na kwa kufikiri aliweza kuamua, na maamuzi yale yamebaki. Wala hakumaliza kila kitu. Baada yake watu weusi wa Marekani waliteswa kwa sheria za ubaguzi karibu miaka 100 zaidi, na wengine walilazimika kuishika kazi pale alipoiacha.

Sasa, vijana wetu, sisi hatuna vita vya Gettysburg mbele yetu, wala hakuna anayetutaka tuunde baraza la mawaziri. Lakini kila mmoja ana droo yake ya habari, na siku hizi haina mwisho, maana simu ya mkononi huongeza karatasi juu ya karatasi bila kukoma. Mkiwa nyumbani likizoni, somani habari kutoka kwa waliokuwapo, na mkifika mwisho wa zile mpya inukeni mkawasaidie wazazi wenu. Mtu akikutukana kwa ajili ya chama chake, andika jibu lako katika daftari, ulilaze mpaka asubuhi, kisha ulisome tena. Rafiki yako wa upande wa pili usimwache meza ya peke yake bwaloni. Huenda akawa ndiye Stanton wako. Na usiku ambao mambo yote yanaonekana mabaya, chukua karatasi uandike nini kitatokea kama yatakuwa mabaya kweli, na kazi yako kesho yake itakuwa ipi. Utaona kwamba kazi ipo. Ikunje karatasi hiyo, uiweke, ukalale.